Kuanguka Bila Kofi

Mutu aliyefundishwa judo haanguki kama watu wengine. Ukimutupa, kabla mugongo haujagusa chini, mukono wake umeshafunguka pembeni na kiganja kimepiga tatami, mukeka wa kuangukia: paa. Kofi ile ndiyo inayobeba uzito, ili mbavu na kichwa visiubebe. Katika muji huu wetu, ambako ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe la volkeno, hatumufundishi mutoto kutupa mwenzake kabla hajajua kupiga kofi ile. Miezi na miezi anaanguka tu. Wazazi wanakuja kuuliza kama hii ni shule ya kupigana au ya kujiangusha.

Mimi nilianza nikiwa na miaka nane. Sasa mutoto wangu wa kike ndiye ana miaka nane, na kiganja changu hakinisikilizi tena. Siku moja nilikwaa jiwe pale sokoni Ndosho na beseni la unga kichwani. Unga ulimwagika wote, lakini kofi nilipiga. Wanawake tunaouza pamoja walicheka mpaka wakakaa chini. Mumoja alisema, "Mama Judo amechapa barabara. Barabara itakoma."

Kwa hiyo mutu asiniambie kwamba nilisikia vibaya. Siku ile nilikuwa nje ya sale yetu ya mazoezi, ninamufunga mutoto viatu, nikasikia ndani watu wanaanguka. Pu. Kimya. Pu. Kimya. Hakuna kofi hata moja. Sale yetu ni karakana ya zamani ya maseremala, kuta za mbao, na tatami ni magunia tuliyoyajaza vumbi la mbao tukayafunika na shitingi, turubai la plastiki. Kila sauti inatoka nje. Ndani walikuwa vijana wakubwa pamoja na Muzee, mwalimu wetu, na kati ya wale vijana alikuwa mudogo wangu, ndugu yangu wa mwisho, niliyemulea mwenyewe tangu mama yetu afe.

Mutoto wangu aliinua uso. "Mama, banaanguka mubaya."

Hata yeye alisikia. Nikasukuma mulango. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tangu niingie kwa Muzee sijawahi kuona mulango ule umefungwa wakati watu wako kazini. Nikaenda kuchungulia kati ya mbao. Walikuwa wametundika shitingi ukutani kwa ndani. Mutu haweki pazia kama hana cha kuficha. Ninavyojua mimi, anayeanguka bila kofi ni mulevi, au mutu anayepigwa, au maiti.

Nilirudi nyumbani Mabanga na mutoto mukononi, na njia nzima nilikuwa ninahesabu sababu za kumuogopa mutu aliyenilea.

Lazima niseme huyu Muzee ni nani. Alitoka upande wa Butembo akiwa kijana, juu ya lori ya vitunguu, akapanga chumba karibu na kampi ya Katindo. Kule askari walikuwa wanafanya judo kwenye nyasi, naye anawatazama. Wakamuita. Hawakumuita kumufundisha, walitaka mwili wa kutupa. Muda murefu kazi yake ilikuwa hiyo, kutupwa na wanaume wazito, na jioni wanamupa chakula. Kuanguka alijifunza peke yake, kwa maumivu, mpaka siku moja mukubwa wao akauliza mbona huyu haumii tena. Ndipo wakampa kimono. Baadaye walitaka awe askari pia. Alikataa, akakimbilia kwa mapadri, na kwa mapadri ndipo alipoanza kufundisha.

Amefundisha katika uwanja wa shule, nyuma ya baa muchana kabla wanywaji hawajafika, katika sale ya parokia, katika karakana hii. Volkeno ilipokuja aliacha matelasi ya kulalia nyumbani, akabeba kimono za wanafunzi kichwani. Muke wake alimwambia kwamba kumbe aliolewa na nguo, akaenda zake. Magoti yake yameisha. Sasa anafundisha akiwa juu ya kiti, na fimbo ya kuelekeza muguu uende wapi. Ukikanyaga tatami na kidole chenye vumbi, fimbo ile inakupata.

Mama yangu hakumupenda. Alisema musichana anayeangushwa kila siku hatazaa. Nilipopata mimba ya mutoto wangu, bado niko sekondari na bila mume, mama alikaa kimya kuhusu hilo, na Muzee alisema neno moja tu: "Utarudi ukishamaliza kunyonyesha." Nilirudi kabla. Mutoto alikuwa analala juu ya magunia yaliyobaki, na sisi tunapiga kofi pembeni yake, haamuki. Nikachukua diplome yangu, nikachukua mukanda mweusi, na Muzee akanipa watoto wadogo niwafundishe. Wote hawa wadogo wa Ndosho wamepitia mikono yangu.

Hayo ni mazuri yake. Lakini kuna lingine. Nilipokuwa na miaka kumi na tano, mukubwa mumoja wa muji alikuja na gari ya jipu kutazama tukifanya judo. Muzee aliwapanga wanafunzi wake bora mbele yake kama mutu anayeonyesha ng'ombe wake. Walitupa, walipiga, ilikuwa ni kitu cha kupendeza. Wiki iliyofuata wawili waliondoka na jipu ile kuwa walinzi. Sisi tukapata shitingi mupya. Mumoja alirudi anachechemea, akaenda zake Uganda. Mwingine hakurudi, na jina lake halikutajwa tena katika sale. Mama yake alikuwa anapita mbele ya mulango wetu kila Jumapili akitoka misa, Muzee anaingia ndani.

Sasa fikiri. Siku hizi katika muji huu kijana mwenye mabega hatembei ovyo. Watu wenye bunduki wanatafuta wengine wa kuwashikisha bunduki, na hawaulizi mama. Na tangu majuma machache alikuwepo mwanaume mumoja wa koti ya ngozi anayekuja kukaa juu ya ukuta wa mawe mbele ya sale. Hakuwa muzazi wa mutu. Alikuwa na viatu vya askari na suruali ya raia. Alitazama wakubwa tu. Watoto wangu wakiingia anaangalia telefone yake. Na Muzee, anayefukuza hata kuku wa jirani, alimutolea kiti. Nilimuuliza huyo ni nani. Alisema ni mugeni. Kisha ukaanza ule mutindo wa kuniambia nimalize mapema, nirudishe watoto kwao, wakubwa wana kazi naye. Kisha mulango. Kisha pu, kimya.

Nilijumlisha kama mutu yeyote mwenye akili angejumlisha.

Jioni, tukiwa tunakula bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, nilimuambia mudogo wangu avue shati. Alicheka, akauliza tangu lini mimi ni daktari. Nikasema vua. Mukanda wake ni wa kahawia, ameanguka maelfu ya mara bila alama. Siku ile kiwiko kilikuwa kimevimba na nyuma ya bega kulikuwa na alama kubwa ya bluu, kama mutu wa siku ya kwanza. Nilimuuliza wanafanya nini mule ndani. Alisema wanarudilia vitu vya zamani. Nilimuuliza mbona siwasikii mukipiga. Akachukua sambaza yangu moja, ndivyo anavyofanya akitaka nicheke. Sikucheka. Aliponiona hivyo alisema, "Dada, muulize Maître," ndivyo vijana wanavyomuita Muzee, akatoka kuosha mikono na hakurudi mezani.

Kumuficha mutu jambo huku unakula kwenye sahani yake! Nilikasirika hivi kwamba niliosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Asubuhi nilikwenda kwa Muzee. Anakaa chumba kimoja nyuma ya karakana. Alikuwa amekaa nje, anapaka magoti mafuta. Hakunikaribisha kiti, nami sikungoja. Nilimuambia nimesikia, nimeona bluu ya mudogo wangu, nimeona koti ya ngozi, na ninakumbuka jipu. Nilimuambia kama amekwisha kumuuza ndugu yangu aniambie bei, kwa sababu nitapiga kelele kuanzia hapa mpaka Katindo.

Aliendelea kupaka goti. Kisha akasema, "Weye, baba ya mutoto wako anakula na nani?"

Nilidhani sijasikia.

"Anabebaka nani kwa moto yake?" akasema. "Kila siku ninamuona. Anabeba bale bale ba bunduki. Na weye, akikuja kuona mutoto, unamupa chai."

Ni kweli baba wa mutoto wangu ni mwendesha moto, yaani pikipiki, na anabeba yeyote anayelipa. Ni kweli pia kwamba tangu mutoto aanze kutembea amekuja labda mara nne, na chai yangu hajawahi kuimaliza kwa sababu ninamufukuza. Nilimuambia Muzee hayo yote kwa sauti iliyofanya majirani wafungue madirisha. Yaani nilikuwa nimekesha usiku muzima ninamushuku yeye, na yeye majuma yote yale alikuwa ananishuku mimi. Mimi, niliyekulia juu ya magunia yake. Ndiyo maana alinitoa pamoja na watoto. Ndiyo maana alimufundisha mudogo wangu kunidanganya.

"Shusha sauti," alisema. "Unataka kujua? Kaa."

Nikakaa juu ya jiwe. Akaniambia. Mugeni wa koti ya ngozi alikuwa amemuambia wazi: anatafuta vijana waliokwisha kufundishwa, wasiohitaji kuanzia sifuri, na siku moja atakuja kuwajaribu. Kufunga sale hakuwezekani. Angejua kwamba kuna kitu kilichofichwa, na nyumba za vijana wale anazijua. Basi Muzee alifikiri kuwaonyesha kama watu wasiojua kitu. Kutupa vibaya ni rahisi, hata bingwa anaweza kujikwaza. Lakini kuanguka vibaya hapana. Vijana walijaribu, wanajifanya magunia, na dakika ya mwisho mukono unafunguka wenyewe na kupiga. Kofi ile inamuambia mutu yeyote aliyepita katika kampi kwamba huyu alifundishwa miaka. Kwa hiyo nyuma ya mulango walikuwa wanajifunza kuizuia. Waliweka kijiti cha mahindi kwapani ili mukono usifunguke, ukikiangusha unarudilia. Ndiyo bluu.

Nilimuuliza nitajuaje kwamba hanidanganyi. Alisema sitajua. Nilimuuliza kuhusu yule kijana wa jipu. Alifunga kopo la mafuta.

"Ile usiniulize," alisema. "Uliza ya leo."

Sikuridhika. Mutu mwenye hadithi nzuri hivyo anaweza kuwa ameitunga tangu zamani. Nilimuambia kwamba kuanzia siku ile sitoki katika sale kabla mudogo wangu hajatoka, na mutoto wangu atakuwa na mimi, na kama anaogopa mudomo wangu atafute namna ya kuushona. Alisema sawa, lakini nivae kikwembe cha kitenge, si kimono, nikae kama mama aliyekuja kuleta watoto.

Mugeni alikuja kabla ya juma kuisha. Aliingia na viatu. Alipita katikati ya tatami na matope ya Ndosho, hatua kwa hatua, akiangalia dari. Vijana waliangalia chini. Fimbo ya Muzee ilikuwa juu ya magoti yake na haikutikisika, na mimi nilimutazama Muzee zaidi kuliko mugeni, kwa sababu nilitaka kuona kama macho yao yatakutana. Yalikutana. Muzee alitabasamu, tabasamu ya mutu anayeuza. Nikasema moyoni, hapa ndipo anapomuuza.

Mugeni alitaka waonyeshe. Walikuwa wabaya mpaka aibu. Wawili walikumbatiana na kuanguka pamoja kama walevi wa sherehe. Mumoja alisahau mukanda ukafunguka, suruali ikashuka kidogo, wakacheka kweli. Mudogo wangu alitupwa na kijana mwembamba kuliko yeye, akaanguka kwa kiwiko, pu, bila kofi, akaguna. Mugeni alicheka kwa pua. Lakini jicho lake lilikuwa limebaki kwenye mabega ya mudogo wangu.

"Huyu iko na mwili," alisema. "Simama."

Alimushika kola mwenyewe. Niliona namna alivyomushika, vidole vikiwa ndani, kidole gumba juu. Mutu huyu alipita kwa mwalimu. Alimutupa haraka, na mudogo wangu, Mungu atukuzwe, alianguka kama ndoo. Mugeni akamusimamisha tena. Alikuwa na mashaka. Alimuuliza Muzee miaka yote hii anafundisha nini hapa, na huyu mama aliyekaa pale ni nani, maana aliambiwa na watu wa soko kwamba naye ni wa judo, anaitwa hivyo hata na wauza nyanya.

Mimi sikuwa nimejifunza kuizuia kofi. Vijana walikuwa na majuma, mimi sikuwa na hata siku moja. Na kila mutu mule ndani alijua.

Muzee alisema, bila kunitazama, "Huyo? Anachungaka batoto. Mujaribu."

Sikujua kama ananiokoa au ananitoa. Hata leo sijui. Nilisimama na kikwembe changu, nikavua sandale kwa sababu miguu yangu haiwezi kukanyaga pale na viatu, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mugeni aliona. Alinishika. Nilisikia nyonga yake inaingia chini yangu, na mwili wangu wote ukafurahi, upumbavu wa mwili, ulijua kitu kinachokuja na ulikuwa tayari. Kiganja kilikuwa kinafunguka. Nilichofanya ni kitu kimoja tu nilichoweza: nilishika koti yake ya ngozi kwa mikono yote miwili kama mwanamuke anayezama, nikakaza meno, na sikuachilia. Mukono ulioshika hauwezi kupiga. Nilianguka juu ya bega na yeye akaniangukia. Nilisikia mufupa kati ya shingo na bega unalia: ka.

Mutoto wangu alilia. Hakuigiza, hakuna mutu aliyemuambia kitu. Katika maisha yake hakuwahi kuniona ninaumia kwa kuanguka, na alilia kilio kile cha watoto ambacho kinaanza bila sauti. Alikuja akamupiga mugeni muguuni na ngumi mbili.

Mugeni alijitoa, akapanguza koti. Alicheka sasa kwa kweli.

"Muzee," alisema, "hii ni shule ya kulala."

"Ni ya kunyoosha viungo tu, mukubwa," Muzee akasema. Akamusindikiza mpaka barabarani, anachechemea, anamushikia mulango kama mugeni wa arusi. Tulipanguza matope. Mudogo wangu aliniletea maji, akaninywesha mwenyewe.

Nilikaa na mukono katika kitambaa wakati murefu. Ulipoanza kupona nilikwenda kumuuliza Muzee swali moja, mbele ya mudogo wangu, ili wote wawili wasikie. Niliuliza: mutu yule akirudi, aseme hataondoka bila mumoja, utamupa nani?

Muzee alikuwa na karanga mukononi. Alizipeleka mudomoni, akazitafuna, akameza. Kisha alisema hatampa mutu, atafunga sale, atarudi Butembo. Jibu zuri. Lakini alitafuna kwanza. Mimi nilikuwa ninaangalia uso wake, na katika ule muda wa kutafuna niliona anawapitia vijana, mumoja kwa mumoja, kama mutu anayechagua.

Labda alikuwa anakumbuka yule wa jipu. Mudogo wangu anasema hivyo. Anasema mimi nikiona mutu anapiga alama ya musalaba nitauliza anaficha nini. Inawezekana. Lakini yeye hana mutoto na mimi ninaye, na yeye mwenyewe nilimulea kama mutoto wangu wa pili. Nilimutoa katika sale. Nilichukua kimono yake nikaikata, nikashona mifuko ya unga.

Sasa anauza na mimi Ndosho. Anabeba magunia, mabega yake yanafanya kazi hiyo. Hazungumzi nami ila kuhusu bei. Watoto wadogo ninaendelea kuwafundisha, jioni, mulango wazi, kwa sababu hakuna mwingine wa kuwafundisha na kwa sababu nikiwa mule ndani ninaona nani anakaa juu ya ukuta.

Juzi Muzee alikuja kwenye meza yetu na fimbo yake. Alimusalimia mudogo wangu, na mudogo wangu akainama kama mbele ya tatami, pale pale kati ya beseni, watu wanatazama. Muzee alinigeukia.

"Mama, atarudi lini?"

Nilimuuliza kama anataka unga wa mihogo au wa mahindi.